Biashara ya vinyunyizio vya moto wa nyika kwa askari wa zimamoto

Ukiwa askari wa zimamoto unayefunga vinyunyizio vya maji kwenye nyumba za watu kama biashara ya pembeni, siku moto wa nyika utakapofika kwa mteja, wewe utakuwa kazini. Kwa hiyo mfumo unaomfungia lazima uwashwe na yeyote aliyeko nyumbani, umeme ukiwa umekatika na simu yako haipokelewi. Pata kwanza kibali cha mwajiri kwa maandishi, na usimuuzie mtu ambaye nyumba yake uliikagua ukiwa na sare.

Ukaguzi uanzie juu ya paa. Nyumba nyingi huwashwa na cheche zinazopeperushwa na upepo kabla moto wenyewe haujafika. Hutua kwenye majani makavu ndani ya mfereji wa paa, chini ya upenu, kwenye baraza la mbao na matundu ya hewa. Chora sehemu hizo. Ndiko maji yatakakoelekezwa. Matundu yasipokuwa na wavu wa chuma wenye vitundu vya milimita 3 au chini, uza wavu kwanza, hata kama faida yake ni ndogo.

Kisha piga hesabu ya maji. Vinyunyizio 10 vya lita 12 kwa dakika vinakula lita 120 kila dakika. Tangi la lita 10,000 litakauka baada ya dakika 83. Kwa saa mbili unahitaji lita 14,400, bila kuhesabu mpira wa maji wa kushika mkononi. Usitegemee maji ya bomba la mtaa, maana presha hushuka kila mtu anapofungulia kwa wakati mmoja.

Mabomba yaliyo juu ya ardhi yawe ya chuma au shaba, na vichwa vya vinyunyizio pia. Plastiki hulainika kwa joto, kiungio kikiachia maji yote yanamwagikia hapo. Plastiki ifukiwe, angalau sentimita 30. Chagua vichwa vya matone makubwa. Ukungu mwembamba hupeperushwa na upepo.

Pampu iwe ya dizeli au petroli, ndani ya kibanda kisichoungua lakini chenye hewa. Ikinguruma bila kutoa maji, tafuta mahali inapovuta hewa kwenye bomba la kuvutia: mara nyingi ni kiungio kilicholegea, au valvu ya mwisho wa bomba iliyokwama kwa takataka. Petroli iliyokaa miezi huziba kabureta, basi iwashwe kila mwezi kwa dakika 10.

Pima kwa ndoo: kinga maji ya kichwa cha kwanza kwa dakika moja, kisha cha mwisho. Cha kwanza kikitoa lita 12 na cha mwisho 7, bomba ni jembamba mno au vichwa vimezidi. Gawa bomba liwe mistari miwili. Kumbuka kila mita 10 za kupanda zinakula presha ya takriban bar 1.

Siku ya kukabidhi, usiguse kitu. Mteja afungue koki, ajaze pampu maji na kuiwasha mwenyewe mara tatu. Akikwama, rekebisha alama za rangi ulizoweka kwenye koki za kumwongoza. Mkataba useme wazi kwamba mfumo hupunguza hatari tu, na amri ya kuhama ikitolewa anawasha na kuondoka.