Jinsi ya Kuanza Kusoma Historia ya Kanisa Ukiwa Mombasa

Mkristo anayetaka kuijua historia ya imani yake na aanzie karibu na nyumbani. Nenda Nyali, kwenye kaburi la Rosine Krapf, mke wa mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyefariki mwaka 1844, miezi michache tu baada ya kuhamia Mombasa na mumewe. Yasome maandishi ya jiwe polepole, kisha ujiulize ni akina nani waliomuuguza na kumzika. Fika pia Kengeleni, palipo kengele ya Frere Town, makao ya watumwa waliokombolewa yaliyoanzishwa mwaka 1875. Hao, kwa maoni yangu, ndio wanaosahauliwa zaidi, ilhali baadhi yao walikuwa walimu na wahubiri. Wala usiukwepe mwaka 1631, Wakristo walipouawa hapa mjini katika uasi wa Sultani Yusuf dhidi ya utawala wa Wareno: chunguza na udhalimu wa Wareno uliotangulia. Linganisha vyanzo, ukiandika tarehe.