Kununua nyumba Pennsylvania: jinsi ya kuhakiki chama cha mkaguzi kabla hujamlipa

Mwongozo huu ni kwa wanaonunua nyumba Pennsylvania. Tuko wengi sasa, Lancaster, Erie, Pittsburgh na Harrisburg, watu wa Kongo, Burundi na kwingineko tunaotoka kwenye nyumba za kupanga na kutafuta za kwetu. Habari za mkopo, malipo ya awali na kufunga mauzo siziandiki hapa, maana dalali na benki watakueleza hata usipouliza. Naandika kipande kimoja ambacho hakuna aliyeniambia na ambacho kilinilipisha ada ya ukaguzi mara mbili: namna ya kuhakikisha kwamba chama cha mkaguzi wako wa nyumba, yaani mtu unayemlipa aipime nyumba kabla hujainunua, kinakubalika kisheria, na kwamba yeye mwenyewe yumo kwa ngazi inayotakiwa.

Jimbo halikufanyii kazi hii

Ukiwa New York, New Jersey au Ohio, mkaguzi wa nyumba ana leseni ya serikali. Unamtafuta kwenye tovuti ya jimbo, unaona leseni iko hai au imekwisha, basi. Pennsylvania haitoi leseni hiyo. Sheria yake ya ukaguzi wa nyumba, Act 114 ya mwaka 2000, inataka mkaguzi awe mwanachama kamili, tena mwenye uanachama ulio hai na usio na dosari, wa chama cha kitaifa cha wakaguzi wa nyumba. Kisha inataja sifa za chama hicho. Haikuunda bodi ya kuvipitisha vyama, kwa hiyo anayepima ni wewe, na una siku chache tu ulizopewa kwenye mkataba wa mauzo.

Sifa zenyewe ni nne. Chama kisiendeshwe kwa faida, wala kisiwe biashara ya kukodisha jina (franchise). Kiwe na wanachama katika majimbo zaidi ya 10. Kisimpe mtu uanachama kamili mpaka awe amefanya au ameshiriki ukaguzi wa nyumba zaidi ya 100 na amefaulu mtihani unaotambulika au ulioidhinishwa. Na kiwabane wanachama wake kwa kanuni za maadili na mafunzo endelevu, ambayo wasipoyahudhuria uanachama unaondoka.

Kilichotupata

Mkaguzi tuliyeletewa alikuwa na nembo ya chama kwenye gari, kwenye shati na juu ya kila ukurasa wa ripoti. Alipanda paa, akashuka beseimenti, akakuta bomba la kutolea moshi wa tanuru la kupasha nyumba joto limeachana kwenye kiungo. Hilo ni jambo la hatari, moshi wa tanuru unaua watu wakiwa wamelala. Tukaandika ombi kwamba muuzaji alitengeneze. Upande wa muuzaji ukajibu kwa swali moja: aliyesaini ripoti ni mwanachama kamili?

Nikapiga simu kwenye chama chake. Dada aliyepokea akasema, "Ndiyo, jina lake lipo kwenye orodha yetu." Nikamuuliza, kwa ngazi gani? Nikasikia anabonyeza kibodi, halafu akasema, "Bado yuko kwenye ngazi ya wanaojifunza."

Sheria inamruhusu mtu wa namna hiyo kukagua, lakini chini ya usimamizi wa mwanachama kamili, ambaye anakubali kubeba wajibu wa ripoti kwa kuisaini. Yetu ilikuwa na saini moja tu, ya kwake. Muuzaji alikataa kuizungumzia. Tukatafuta mkaguzi mwingine huku siku za mkataba zikiisha, tukalipa upya, naye akaandika lile lile bomba. Hasira yangu haikuwa kwa pesa peke yake. Nilikuwa na watoto ambao wangelala juu ya tanuru lile, na bomba likasahaulika wakati watu wazima wanabishania saini.

Hatua ya 1: mtake mkaguzi aandike

Usianze na chama, anza na mkaguzi mwenyewe, na ifanye kabla hujatoa ofa kwa nyumba yoyote. Mwandikie baruapepe umuombe akujibu kwa maandishi mambo matatu: yeye ni mwanachama kamili wa chama gani, namba yake ya uanachama ni ipi, na kama uanachama huo uko hai leo. Majibu ya mdomo yashukuru, lakini omba maandishi.

Sababu ni hii: sheria inampa mnunuzi haki ya kuamini kwa nia njema tamko la maandishi la mkaguzi kwamba ni mwanachama kamili, bila kulazimika kufanya uchunguzi wake. Tamko hilo ndilo ngao yako baadaye. Nembo kwenye shati si tamko, na neno la dalali kwamba "huyu tunamtumia siku zote" si tamko.

Kama Kiingereza cha kuandika kinakusumbua, mwombe kijana wa sekondari pale nyumbani akusaidie, ila msimamie asije akaandika "mwanachama" bila "kamili". Uzito wote uko kwenye hilo neno la pili.

Hatua ya 2: uliza chama, na usikubali jibu la nusu

Hapa ndipo muda unapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Vyama viwili utakavyovisikia sana ni ASHI (American Society of Home Inspectors), kilichoanzishwa mwaka 1976, na InterNACHI (International Association of Certified Home Inspectors), chenye makao yake Boulder, Colorado. Kilikuwepo pia NAHI (National Association of Home Inspectors), ambacho kilifungwa mwaka 2016. Ukiona nembo ya NAHI kwenye tovuti ya mkaguzi leo, nembo hiyo haikupi chochote, muulize yuko chama gani sasa.

Vyama hivi vina ngazi, na majina ya ngazi hayafanani na maneno ya sheria. Kwa mfano, ngazi ya juu ya ASHI inadai ukaguzi wa kulipwa usiopungua 250, zaidi ya kile Pennsylvania inachotaka, lakini chini yake zipo ngazi nyingine, na walioko huko nao wanaitwa wanachama. Kwa hiyo swali la "je, fulani ni mwanachama?" litakuletea "ndiyo" ambayo haikusaidii. Uliza hivi:

- Ngazi ya uanachama ya mkaguzi huyu leo ni ipi, na je, ndiyo mnayoihesabu kuwa uanachama kamili kwa sheria ya Pennsylvania?
- Kabla ya kumpa ngazi hiyo, mlithibitisha ukaguzi zaidi ya 100? Mlithibitisha kwa njia gani?
- Alifaulu mtihani gani, na nani anausimamia?
- Mafunzo yake endelevu yamekamilika mpaka mwaka huu?

Kwenye swali la mtihani, jina utakaloletewa mara nyingi ni National Home Inspector Examination, ambao majimbo mengi yenye leseni huutumia. Mtihani huo una bodi yake, nje ya chama. Ukitajiwa mtihani wa chama chenyewe, uliza umeidhinishwa au unatambuliwa na nani. Mhudumu wa simu anaweza kukuambia, "Wanachama wetu wote wamefunzwa vizuri." Mafunzo ni mema, lakini sheria inazungumzia ukaguzi uliofanyika na mtihani ambao mtu ameufaulu. Mwombe kwa upole akuelekeze kwa anayeshughulikia uanachama, na jibu lije kwa baruapepe.

Kumbuka pia kwamba sheria inasema zaidi ya 100, na kwamba kushiriki kunahesabiwa. Mkaguzi kijana aliyefuatana na mwalimu wake nyumba 120 anaweza kuwa ametimiza. Usimkatae kwa umri wake.

Hatua ya 3: hakiki kwamba chama hakiendeshwi kwa faida

Ingia tovuti ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, irs.gov, utafute ukurasa wa kutafuta mashirika yaliyosamehewa kodi. Ni bure. Andika jina kamili la chama, si kifupisho chake, maana vifupisho mara nyingi havileti kitu.

Watu wengi hukwama hapa. Kuna orodha ya mashirika ambayo ukiyachangia unapata nafuu ya kodi, kama makanisa, misikiti na mashirika ya misaada. Vyama vya kitaaluma kwa kawaida havimo humo, kwa sababu husajiliwa chini ya kifungu cha 501(c)(6), si 501(c)(3). Usipokiona chama kwenye orodha hiyo usikihukumu. Chagua kutafuta kwenye orodha zote, pamoja na nakala za Fomu 990, ambayo ndiyo taarifa yao ya kila mwaka. Ukurasa wa kwanza unaonyesha kifungu walichosajiliwa, mapato na matumizi.

Angalia pia orodha ya waliofutiwa. Shirika lisilowasilisha taarifa hiyo kwa miaka 3 mfululizo hupoteza msamaha wake wa kodi moja kwa moja. Chama kikionekana humo, tafuta kama kilirudishiwa hadhi yake baadaye.

Hata usipopata kitu IRS, bado kuna mlango mmoja: ofisi ya usajili wa makampuni katika jimbo ambako chama kiliandikishwa. Huko utaona kama kiliandikishwa kuwa shirika lisilo la faida au kampuni ya kawaida. Sheria ya Pennsylvania inazungumzia namna chama kinavyoendeshwa, haikutaja IRS.

Hatua ya 4: majimbo na maadili

Hii ni nyepesi. Tumia kitafutio cha wakaguzi kwenye tovuti ya chama, ukijaribu miji ya majimbo tofauti. Zaidi ya 10 maana yake 11 na kuendelea. Kanuni za maadili huwa zimewekwa wazi hapo hapo, zisome. Chama ambacho hakiweki kanuni zake mahali mnunuzi anaweza kuziona mimi nakiacha.

Hatua ya 5: bima

Si sehemu ya chama, lakini iombe siku hiyo hiyo. Mkaguzi lazima awe na bima ya makosa ya kitaaluma na ya dhima ya jumla, isiyopungua dola 100,000 kwa tukio na dola 500,000 kwa jumla, na sehemu anayobeba mwenyewe isizidi dola 2,500. Cheti cha bima kitoke kwa wakala wa bima, kije kwako moja kwa moja, na usome tarehe ya mwisho.

Kwenye mkataba na ripoti

Kabla ya kusaini mkataba wa mkaguzi, tafuta kifungu kinachopunguza dhima yake. Hawezi kujivua dhima ya uzembe mkubwa au ya kosa la makusudi. Kifungu cha namna hiyo ni batili hata ukikisaini, na hawezi kukufanya uache haki nyingine ulizopewa na sheria hii. Ripoti ikija, anza na saini: je, ni ya mwanachama kamili uliyemhakiki? Kama ni ya msaidizi, saini ya msimamizi iko wapi?

Ukigundua ulidanganywa, ukaguzi wa nyumba unahesabiwa kuwa huduma chini ya sheria ya Pennsylvania ya mwaka 1968 ya kumlinda mlaji, na malalamiko yanapokelewa na kitengo cha kulinda walaji katika Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Lakini kesi ya kudai fidia kutokana na ripoti inapaswa kufunguliwa ndani ya mwaka 1, unaohesabiwa tangu siku ripoti ilipokabidhiwa, si siku uliyohamia wala siku paa lilipoanza kuvuja. Kwa hiyo baruapepe iliyoleta ripoti, tamko la mkaguzi na majibu ya chama viweke pamoja, tarehe zikionekana, na wakili mwone mapema.