Namna ya Kupima Usahihi wa Utabiri wa Mvua Ukiwa Pemba
Anayetaka kujua utabiri wa mvua unaaminika kiasi gani hapa Wete, ambako karafuu zilizoanikwa majamvini huharibika zikirowa, na auandike daftarini utabiri wa kesho kabla kesho haijafika, kwani kumbukumbu huelemea upande wa lililotokea. Kipimamvua kiwekwe uwanjani, mbali na miti na mapaa, kisomwe kila siku saa 3 asubuhi. Siku yenye milimita 1 au zaidi ihesabiwe kuwa ya mvua.

Usijumlishe tu siku ambazo utabiri ulipatia. Mwaka 1884 John Finley wa Marekani alitangaza kwamba utabiri wake wa vimbunga vya nchi kavu ulikuwa sahihi kwa zaidi ya asilimia 96, ilhali mtu ambaye angesema kila mara "hakuna kimbunga" angepata zaidi ya 98. Vivyo hivyo, mwezi wa Februari, kusema "hakuna mvua" kila siku hupatia mara nyingi bila ujuzi wowote. Basi tazama mambo mawili: katika siku zilizonyesha, ni ngapi zilitabiriwa; na katika zilizotabiriwa mvua, ni ngapi zilibaki kavu. Kwa mwanika karafuu, naona la kwanza lina uzito zaidi.

Utabiri ukitolewa kwa asilimia, tumia kipimo cha Glenn Brier cha mwaka 1950: andika 1 mvua ikinyesha na 0 isiponyesha, tafuta tofauti yake na uwezekano uliotajwa (asilimia 70 ni 0.7), izidishe kwa yenyewe, kisha tafuta wastani wa siku zote, kadiri unavyokaribia 0 ndivyo utabiri ulivyo bora. Hesabu ya masika isichanganywe na ya vuli.