Dagaa wa unga na mtumbwi wa bua, kwa mtoto anayesumbua kula

Mama wenzangu, wa kwangu ana miaka 3, tunakaa Mwanga hapa Kigoma mjini, na kuna kipindi aligoma kabisa kula dagaa. Yaani mtoto wa Kigoma anakataa dagaa! Mama mkwe akaniuliza huyu mjukuu wangu umemtoa wapi. Nikambembeleza, nikamtisha, nikamficha dagaa ndani ya tonge la ubwari, yaani ugali wa muhogo, anatema. Siku moja nikamuuliza kwa upole kwani wamekukosea nini, akanijibu "mama, ananiangalia". Kumbe tatizo ni macho tu. Nikasema sawa baba, macho tunayaondoa.

Kwaiyo sa hivi nawasaga wanakuwa unga, na wakati unga unaandaliwa tunatengeneza mtumbwi wa kuchezea yeye na mimi, maana nimegundua mtoto akiwa kazini na wewe anakula, akiwa amekaa tu anasubiri sahani ndo anapata mda wa kutafuta sababu.

Tuanze na dagaa wenyewe. Ukienda mwalo wa Kibirizi usikimbilie bei ya chini, uliza walikaushwa wapi. Walioanikwa kwenye chanja wanakuwa wasafi, walioanikwa chini wanakuja na mchanga wao. Chukua mmoja mtafune palepale mbele ya muuzaji, usione aibu, ukisikia kitu kinasaga kwenye meno rudisha. Mimi mara ya kwanza sikupima, nikasaga sado nzima na mchanga wake, mtoto akatia mdomoni kijiko cha kwanza akaniangalia kama nimemfanyia hila, na ile sado yote ikaenda kwa kuku. Alafu angalia mwezi. Wavuvi wetu wanavua kwa taa usiku wa giza, kukiwa na mbalamwezi kali dagaa hawaifuati taa vizuri, vipe, yaani vyombo vyao vya kuvulia dagaa kwa taa, vinapumzika na bei inapanda, kwaiyo nunua wakati wa giza uweke. Mimi kuweka akiba nilijifunza mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa uvuvi miezi 3, kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti. Aliyekuwa na kopo lake la unga wa dagaa alikula kwa raha zake.

Nyumbani unawachambua, vichwa unatoa, na ukiwa na subira na tumbo pia unatoa, hapo uchungu unapungua sana. Mtoto anaweza kukusaidia kuchambua ila ujue atachambua watano, wa sita atampa paka. Waoshe haraka kwa maji ya uvuguvugu, mara mbili tatu, usiwaloweke, alafu waanike juani kwenye ungo mpaka wakauke tena kabisa. Hapa ndo penye kusubiri, na hapa ndo mtumbwi unapoingia, ila ngoja nimalizie kwanza dagaa.

Wakikauka weka sufuria kavu kwenye moto mdogo wa mkaa, bila mafuta, wageuzegeuze. Usiondoke. Simu iache ndani. Utajua wameiva kwa sauti, mwanzo wanaanguka sufuriani kama majani, wakikolea wanalia kama punje za mchele mkavu na ukimvunja mmoja anakatika kach! Wakianza tu kuwa kahawia sana ipua, wakiungua unga wote unakuwa mchungu. Waache wapoe kabisa ndo utwange kwenye kinu au utie kwenye blenda, ukisaga wakiwa wa moto unga unashika unyevu na koponi hautakaa. Chekecha, yale makapi yanayobaki juu rudisha kwenye kinu. Weka kwenye kopo kavu lenye mfuniko, na kijiko cha kuchotea kiwe kikavu siku zote. Ukiona ukungu au harufu imebadilika mwaga wote, usichague chague.

Kwa yule mdogo aliyetimiza miezi 6 na ameanza kula, unga huuhuu uliochekechwa vizuri unaweka kidogo kwenye uji, bila kuongeza chumvi.

Sasa mtumbwi. Unahitaji bua kavu la mahindi. Lile ganda la nje ni kali kama wembe, mimi lilinichana kidole gumba nikiwa najifanya fundi, kwaiyo kumenya ni kazi ya mama peke yake, mtoto akae pembeni apokee ule moyo mweupe wa ndani. Mpe aubonyeze, wa kwangu alikaa dakika nzima anabonyeza na kuachia, anasema ni mkate. Kata vipande vitatu, kila kimoja kama shibiri moja, cha katikati kiwe kirefu kidogo ili kitokeze mbele. Chukua vijiti vyembamba vya lile ganda, vikwangue makali, alafu pitisha viwili kukatisha vipande vyote vitatu, kimoja karibu na mbele kingine nyuma, vitashikana bila msumari wala kamba. Ncha zikitokeza pembeni zikate zote. Katikati simika kijiti cha mlingoti. Kama si msimu wa mabua, gamba la mgomba nalo linaelea vizuri sana, unalikunja ncha mbili na kuzibana na vijiti, dakika tano umemaliza.

Tanga ni karatasi ya daftari la zamani, na gundi usinunue. Chukua kijiko kimoja cha unga wa muhogo, koroga na maji baridi robo kikombe, weka motoni huku unakoroga mpaka ule weupe upotee ubaki kama ute. Ikipoa mpe mtoto apake kwa kidole, hata akilamba hakuna kesi, ni uji wa muhogo tu. Inakaa siku moja mbili ikichacha unatupa. Sisi tulibandika na taa mbele ya mtumbwi, punje moja ya hindi la njano, maana kwa mujibu wa nahodha wetu, yaani mwanangu, kipe bila taa hakipati kitu, na kweli hakipati. Punje hiyo hesabu nayo, isije ikaishia puani.

Samaki ni majani ya mwembe yaliyokatwakatwa madogo madogo, wavu ni kipande cha ule mfuko wa neti wa vitunguu. Maji weka kwenye beseni, kina cha vidole vitatu kinatosha, na hapa sitanii, usiondoke pale mpaka umeyamwaga. Mtoto mdogo anazama hata kwenye maji machache na wala hapigi kelele.

Wakati yeye anavua wewe unapika hapohapo pembeni, jiko liwe upande wako na sio njiani kwake. Mawese vijiko viwili vya chakula, asubuhi ya baridi utakuta yameganda, yapashe taratibu. Usiyasubiri mpaka yatoe moshi kama wengine wanavyopenda, ukiyachoma rangi inapotea, na ile rangi nyekundu ndo yenyewe, ndo inayompa mtoto vitamini A. Tia kitunguu kimoja kilichokatwa mdogo mdogo, kikilainika tia nyanya mbili zilizokwanguliwa, ziache ziive mpaka mawese yajitenge juu. Hapo weka maji nusu kikombe na unga wa dagaa vijiko vitatu, koroga, funika dakika kama tano. Chumvi onja kwanza, kuna dagaa wanakuja tayari na chumvi yao. Kama una sombe, yaani kisamvu, iliyotwangwa na kuchemshwa vizuri muda mrefu, changanya humohumo, inakuwa nzito na inashika kwenye tonge, kwa mtoto hiyo ndo bora kuliko mchuzi mwepesi unaoishia kwenye shati.

Songa ubwari laini kidogo kuliko wa watu wazima. Wa kwangu nikamwambia nahodha leta samaki zako tupike, akaja na kiganja kimejaa majani yanachuruzika maji, nikayapokea kwa heshima zote, nikageuka nikayaweka chini ya meza, nikapakua. Akala matonge sita. Akauliza samaki wake wako wapi, nikamwambia ndo hawa umekula, akasema "hawana macho" akaendelea kula.

Mtumbwi ukikaa sana majini bua linanyonya maji na kuwa zito, anika juu ya bati, kesho unaelea tena. Ila uweke juu kweli. Wa kwetu wa kwanza tuliuacha kwenye ngazi ya mlango, ukaliwa na mbuzi wa jirani, taa na tanga na kila kitu.