Somo: Kumchunguza mgonjwa mwenye maradhi ya neva za pembeni (zilizo nje ya ubongo na uti wa mgongo)

Mgonjwa anapolalamika kwamba miguu inakufa ganzi au inawaka moto, wengi hukimbilia kuandika vipimo vingi vya damu. Nashauri tujue kwanza ni neva zipi zimeathirika, kwa kasi gani na kwa mpangilio upi, kwa sababu hayo ndiyo yanayotuonyesha kipimo chenye maana na kile kinachomgharimu mgonjwa bure.

Hatua ya kwanza: maelezo ya mgonjwa. Ganzi iliyoanzia vidole vya miguu yote miwili, ikapanda taratibu kwa miezi au miaka, na kufika vidole vya mikono ilipokaribia magotini, inaonyesha kwamba neva ndefu ndizo zilizotangulia kuumia, na kisukari ndicho kisababishi cha kufikiria kwanza. Ikiwa mguu mmoja umelegea ghafla kwenye kifundo, kisha baada ya wiki kadhaa mkono wa upande wa pili ukafuata, fikiria ugonjwa wa kuta za mishipa ya damu. Uliza pia kuhusu pombe, VVU, magonjwa ya figo, ndugu wenye tatizo kama hilo, na dawa: isoniazidi ya kifua kikuu, vinkristini na sisplatini za saratani, na metformini ya kisukari ikitumiwa kwa muda mrefu, ambayo hupunguza vitamini B12.

Hatua ya pili: uchunguzi wa mwili. Viatu na soksi vivuliwe, na nyayo zitazamwe hadi katikati ya vidole, kwa kuwa kidonda kisichouma hakisemwi na mgonjwa. Pima maumivu kwa ncha kali, mguso kwa monofilamenti (uzi wa plastiki) inayopinda kwa mgandamizo wa gramu 10, na mtetemo kwa uma wa sauti wa hezi 128, yaani chuma chenye ncha mbili kinachotetema kikigongwa. Kipimo hiki cha mwisho huharibika kwa urahisi: mgonjwa huhisi ubaridi wa chuma, akajibu kwamba anahisi. Afumbe macho, uweke shina la uma juu ya mfupa wa kidole gumba cha mguu, naye aseme mtetemo unapokoma. Mara nyingine weka uma usiotetema, ili ujue kama anajibu kwa uhakika.

Kisha gonga kano ya kisigino. Refleksi (mguu kuruka wenyewe unapogonga) ikikosekana kwa kijana ina uzito. Kwa mzee sana inaweza kuwa hali ya kawaida. Papasa neva nyuma ya kiwiko na chini ya goti kwa upande wa nje, kwani neva iliyonenepa pamoja na baka la ngozi lisilo na hisia huelekeza kwenye ukoma. Lakini refleksi zikiwa kali kupita kiasi, kidole gumba kikapanda juu unaposugua unyayo, au mkojo ukazuilika, chunguza uti wa mgongo.

Hatua ya tatu: vipimo. Kwa ganzi ya kawaida ya miguu yote miwili anza na sukari, B12 na elektroforesisi ya protini za damu (kipimo kinachozitenganisha ili kuona zisizo za kawaida). Vingine vifuate maelezo ya mgonjwa. Kipimo cha umeme wa neva hutenganisha uharibifu wa nyuzi zenyewe na ule wa ala inayozifunika, nacho husaidia zaidi pale picha isipoeleweka.

Swali: Daktari, mgonjwa wangu anawaka nyayo usiku, lakini kipimo cha umeme ni kizima. Je, nimwambie hana tatizo?

Jibu: Hapana. Kipimo hicho husoma nyuzi nene tu; nyuzi nyembamba, zinazobeba maumivu na joto, hakizioni. Rudia kupima ncha kali na joto. Panapopatikana uwezo, kipande kidogo cha ngozi huhesabiwa nyuzi hizo.

Swali: Akiwa tayari ana kisukari, kuna haja ya kutafuta kisababishi kingine?

Jibu: B12 ipimwe hata hivyo. Tafuta zaidi ikiwa udhaifu umezidi ganzi, upande mmoja umeathirika kuliko mwingine, mikono ilitangulia, au hali inazorota haraka.

Swali: Ni yupi asiyepaswa kusubiri?

Jibu: Mwenye udhaifu unaopanda kwa siku chache huku refleksi zikipotea: huenda ni ugonjwa wa Guillain-Barré, ambapo kinga ya mwili hushambulia neva. Alazwe siku hiyo hiyo, hata kama protini katika maji ya uti wa mgongo bado haijapanda, kwani katika wiki ya kwanza protini hiyo inaweza kuwa ya kawaida. Usitulizwe na oksijeni inayosomwa kidoleni, maana hushuka kwa kuchelewa. Pima mara kwa mara ujazo wa hewa anayoitoa kwa pumzi moja kubwa, na ukikaribia mililita 20 kwa kila kilo ya uzito wake, ahamishiwe chumba cha uangalizi maalumu.