Somo: Uzazi wa pili baada ya wa kwanza kuwa mgumu (uliyepasuliwa, hatua ya 3 isome mara mbili)

Kila wiki naulizwa jambo hilihili na kila wiki naandika upya, basi leo naliweka lote hapa. Mimi si nesi, ni mama wa wawili. Wa kwanza nilimpata Morogoro kwa upasuaji, baada ya uchungu wa mchana kutwa na usiku kucha. Wa pili nimemzaa Dodoma kwa njia ya kawaida.

1. Pumzisha mwili. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau miezi 24 tangu kujifungua hadi kushika mimba nyingine.

2. Anza kliniki mapema, usisubiri tumbo lionekane. Vidonge vya kuongeza damu meza kila siku.

3. Jua kilichokupata mara ya kwanza. Hapa ndipo nilipokosea. Nesi aliniuliza, "Ulipasuliwa kwa nini?" Nikajibu njia yangu ndogo, kwa sababu shangazi zangu walisema hivyo na mimi nikaamini. Karatasi ya ruhusa ilikuwa imekunjwa mkobani miaka 3, wino umefifia, kinachosomeka ni tarehe na "C/S", yaani kujifungua kwa upasuaji. Ikabidi nipande basi kurudi Morogoro na mimba ya wiki 31, nikakaa kwenye benchi la masjala hadi saa 9 alasiri ndipo faili likapatikana. Kumbe nyonga hazikuwa na tatizo: mtoto alikaa akitazama juu, mlango wa uzazi ukakwama kufunguka ulipofika sentimita 6, mapigo yake yakaanza kushuka. Nililia palepale. Miaka yote ile nilidhani mwili wangu una kasoro.

Angalieni sana: kovu la nje halikuambii mshono wa ndani ukoje. Ngozi inaweza kuchanwa kwa mlalo, mfuko wa uzazi ukachanwa wima. Mwenye mshono wa ndani wa wima hasubirishwi uchungu, kwa kuwa mfuko unaweza kupasuka. Usibahatishe jibu kama mimi. Huna karatasi? Sema huna, kisha ifuatilie.

4. Ukishapasuliwa, zahanati si mahali pako pa kujifungulia, hata iwe mlangoni. Nenda penye chumba cha upasuaji usiku na mchana, na penye damu.

5. Nauli, dereva na ndugu 2 wa kuchangia damu: wawe tayari kabla ya wiki ya 36.

6. Begi: khanga safi, pamba, nguo za mtoto, kadi. Mengine waulize kliniki kwako.

7. Uchungu ukianza, ondoka. Maumivu ya kovu yasiyoachia, damu, au mtoto kuacha kucheza: usingoje hata uchungu wenyewe.

MASWALI

Mama Junia: Nilipasuliwa mara moja, naweza kuzaa kawaida?
— Hatua ya 3. Isome, kisha uniambie mshono wako wa ndani ukoje.

Mama Tariki: Mama mkwe ana mizizi ya kuharakisha uchungu. Kidogo tu si inafaa?
— Hapana. Huwezi kuipima nguvu yake, na wewe una kovu. Mama mkwe mheshimu, mizizi usinywe.

Bi Mdogo: Mbona mnatutisha? Bibi zetu walizaa nyumbani.
— Bibi yangu alizaa 9 akalea 5. Simtishi mtu.

Mama Wawili Mtarajiwa: Dada, mimi sikupasuliwa, ila nilichanika na kumwaga damu nyingi. Hadi leo nikisikia harufu ya dawa ya kudekia wodini natetemeka. Je, hilo nalo ni la kusema kliniki?
— Liseme, mdogo wangu, tena siku ya kwanza. Aliyemwaga damu nyingi anaweza kumwaga tena, kwa hiyo liandikwe kwenye kadi wajiandae. Na woga nao useme. Mimi niliomba kuonyeshwa wodi nikiwa na wiki 35. Nesi akanishika mkono, akanionyesha kitanda, choo, na mlango wa kuingilia usiku. Uliza pia kama wanaruhusu ndugu akae nawe. Usiku wa uchungu nilikuwa naujua ule mlango.

Mama Junia: Nimesoma. Karatasi ninayo, imeandikwa mlalo, sehemu ya chini. Samahani dada.
— Usijali, shoga. Hiyo ni habari njema, mpelekee daktari akupangie. Na uipige picha leo, umtumie baba watoto na mama yako.

Baba K: Bajaji au bodaboda?
— Bajaji. Na dereva wa pili awe na namba yako.