Kuchoma miombo mapema ili miche ipate mwanga

Anayechoma pori la miombo Septemba ili miche ipate mwanga, mwanga ataupata, ila watakaoufaidi ni nyasi. Moto wa kiangazi kikali huunguza matawi ya juu, jua hufika chini, nyasi hunenepa, na moto wa mwaka unaofuata huwa mkali zaidi. Isitoshe, miombo huchipua majani mapya kabla ya mvua. Yakiungua, mti hulazimika kula akiba ya mizizi. Majaribio ya Ndola, Zambia, yaliyoanza miaka ya 1930, yalionyesha hayo wazi: vipande vilivyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi viliishia kuwa nyasi, vilivyochomwa mapema vilibaki na miti.

Kwa miombo ya Sengerema na Geita, kusini mwa Ziwa Victoria nchini Tanzania, choma kati ya mwishoni mwa Mei na Juni. Shika fungu la nyasi ulichunguze: juu pakavu, chini karibu na shina bado kijani, basi wakati umefika. Likikatika lote kwa mlio, umechelewa, usiwashe.

Sheria ya Misitu ya 2002 inataka kibali. Anzia kwa mtendaji wa kijiji na afisa misitu. Kisha fyeka na ukwangue njia ya mita 5 kuzunguka kipande, na uondoe nyasi kavu mita moja kuzunguka miche unayoitegemea. Watu wawe na matawi mabichi, majembe na madebe ya maji.

Upepo wa ziwani ndio unaoharibu kazi ya wengi. Mchana huvuma kuelekea nchi kavu, usiku hugeuka. Washa jua likipoa, mnamo saa kumi na nusu, kwa vipande vidogo vinavyokwisha kabla haujageuka. Anzia upande upepo unakoelekea, moto urudi nyuma taratibu. Miali ikipita goti, zimeni.

Mche wa mninga ukionekana umekufa, usiung'oe. Fukua kidogo: mzizi ni mnene, na machipukizi yamo chini ya udongo. Kwa miaka kadhaa shina hufa kila kiangazi huku mzizi ukikua, hadi siku linapopanda kwa kasi. Hapo ndipo moto usimamishwe kabisa, miaka 2 au 3, hadi ncha ipite mita 2. Mifugo nayo isiingie mvua za kwanza. Mbuzi humaliza machipukizi yaliyonusurika. Kwenye visiki, bakiza machipukizi 2 au 3 yaliyonyooka.

Misitu ya kijani kibichi ya ukingoni mwa ziwa usiichome kamwe. Miche yake haina kinga ya mzizi kama ya mninga.